Je, Katika Nchi Mpya Hakuna Bahari?

Somo la mwezi juu ya tumaini letu la Kikristo. Kabla ya kuendelea, tafadhali soma katika Biblia yako: Isaya 65:17-25, Ezekieli 47:1-12, Warumi 8:18-25, Ufunuo 21:1 hadi 22:5.



Jumapili moja baada ya Sala ya Jioni tulikaa chini ya mwembe wa kanisa, tukasoma pamoja sura mbili za mwisho za kitabu cha Ufunuo. Tulipofika pale Yohana anaposema kwamba katika nchi mpya bahari haikuwapo tena, mzee mmoja mvuvi aliinua mkono. "Baba Padre," akasema, "mimi tangu utoto nimo baharini. Baba yangu alikuwa mvuvi, na babu yangu vilevile. Kama huko hakuna bahari, mimi nitafanya nini?" Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka.

Kisha mama mmoja aliyeketi nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nitafurahi isiwepo. Mwanangu aliondoka na ngalawa wakati wa kusi, hakurudi. Wenzangu wana makaburi ya kupalilia, mimi sina. Siku ya ufufuo, Bwana atamtoa wapi?" Hapo hakuna aliyecheka tena.

Siku ile sikuwajibu vizuri. Nilisema maneno machache, tukaomba, watu wakaenda zao. Lakini maswali yale mawili sikuyasahau, maana yanagusa jambo ambalo wengi wetu tunalikiri kila Jumapili bila kulifikiri. Somo hili ni jibu langu kwao, na kwa kila msomaji aliyewahi kujiuliza hivyo.

1. MBINGU NI NINI?

Katika lugha yetu neno "mbingu" lina kazi nyingi. Kwanza, ni anga hili tunaloliona, lenye jua, mwezi na nyota. Pili, ni makao ya Mungu. Ndiyo maana Bwana alitufundisha kumwita Baba yetu aliye mbinguni. Tatu, tunalitumia kwa yale yote tunayoyatumaini baada ya kufa. Tukizichanganya maana hizi, tunaishia kudhani kwamba tumaini la Mkristo ni roho yake kupaa juu mawinguni na kukaa huko milele, na dunia kuachwa nyuma kama kibanda kibovu kilichohamwa.

Biblia inafundisha vingine. Inatuonyesha hatua mbili.

Hatua ya kwanza ni pale mwamini anapokufa. Yule mwizi msalabani aliahidiwa kuwa pamoja na Yesu peponi siku ileile (Luka 23:43). Mtume Paulo naye aliona kwamba kuondoka katika maisha haya ni kwenda kukaa na Kristo, nako ni kwema zaidi sana (Wafilipi 1:23). Basi wapendwa wetu waliolala katika Bwana hawakupotea. Wako mikononi mwake.

Lakini hiyo siyo hatua ya mwisho. Hatua ya pili ni kuja kwake Bwana, kufufuliwa kwa wafu, na kufanywa upya kwa vitu vyote. Sikiliza vizuri tunapokiri Imani ya Mitume: tunasema tunaamini ufufuo wa mwili. Katika Imani ya Nikea tunasema tunangojea ufufuo wa wafu na uzima wa ulimwengu utakaokuja. Hakuna mahali tunaposema kwamba mwili ni ganda la kutupwa. Mungu aliuumba mwili, Mwana wa Mungu aliuvaa, na kaburi la Yesu lilikutwa tupu asubuhi ile ya Pasaka.

2. NI MUNGU ANAYESHUKA

Sasa tazama Ufunuo 21:2-3. Yohana hakuona watu wakipanda kwenda juu. Aliona mji mtakatifu ukishuka kutoka kwa Mungu kama bibi arusi aliyepambwa, akasikia sauti ikitangaza kwamba Mungu sasa amefanya maskani yake pamoja na wanadamu. Mwisho wa Biblia ni Mungu kuja kukaa kwetu, kama alivyotembea bustanini pale mwanzo.

Wengine wanasumbuliwa na vipimo vya mji ule. Urefu, upana na kwenda juu vyote ni sawasawa, stadio 12,000, yaani karibu kilometa 2,200. Je, ni mji gani wenye kwenda juu namna hiyo? Tusihangaike kuuchora. Fungua 1 Wafalme 6:20 uone chumba kingine ambacho urefu, upana na kwenda juu vilikuwa sawa: Patakatifu pa Patakatifu katika hekalu la Sulemani, dhiraa 20 kila upande. Chumba kile aliingia kuhani mkuu peke yake, mara moja kwa mwaka. Katika nchi mpya mji wote umekuwa Patakatifu pa Patakatifu. Ndiyo sababu Yohana hakuona hekalu ndani yake. Hakuna pazia tena, hakuna anayesimama nje ya mlango akingojea habari za Mungu kwa mtu mwingine. Watauona uso wake.

3. MPYA MAANA YAKE NINI?

Tuangalie pia maneno "nchi mpya". Hapa "nchi" si taifa lenye bendera na mipaka. Ni dunia hii, ardhi pamoja na vyote vilivyomo. Na neno la Kigiriki linalotumika kwa "mpya", katika Ufunuo 21 na katika 2 Petro 3:13, ni "kainos". Mara nyingi neno hili husema juu ya kitu kilichopewa hali mpya. Ndilo neno lilelile Paulo analolitumia anaposema kwamba mtu akiwa ndani ya Kristo amekuwa kiumbe kipya (2 Wakorintho 5:17). Mtu yule aliyeokoka hakuondolewa akaletwa mwingine. Jina lake ni lilelile, mama yake ni yuleyule, na nyumba yake iko palepale. Lakini jirani zake wanajua kwamba mtu huyu ni mpya.

Mtu anaweza kuuliza, "Mbona Petro anasema habari za moto?" Ni kweli, na Wakristo wengine wanaelewa kwamba dunia hii itateketea kabisa, kisha iumbwe nyingine. Lakini soma 2 Petro 3 tangu mstari wa 5. Petro anafananisha moto ule na gharika ya Nuhu. Anasema ulimwengu wa wakati ule uliangamia kwa maji. Hata hivyo Nuhu aliposhuka safinani alikanyaga ardhi ileile. Kilichoangamia ni uovu wake. Tena nabii Malaki anamfananisha Bwana ajaye na moto wa msafisha fedha. Sonara haweki fedha motoni kwa sababu anaichukia. Anaiweka kwa sababu ina thamani, na taka zimeshikamana nayo.

Paulo naye anasema viumbe vyote vinaugua kama mwanamke mwenye utungu wa kuzaa (Warumi 8:22). Akina mama wanaelewa mfano huu kuliko sisi. Utungu una maumivu makali, lakini si maumivu ya kifo tu. Kuna kitu kinakuja.

4. SASA, HABARI YA BAHARI

Tumrudie mzee wetu mvuvi. Kwa nini Yohana aseme bahari haikuwapo tena? Je, Mungu anaichukia bahari? Hapana. Katika Mwanzo 1 Mungu aliyakusanya maji, akaona kuwa ni vyema. Zaburi ya 104 inamsifu kwa ajili ya bahari kubwa na viumbe wasiohesabika waliomo. Katika kitabu hikihiki cha Ufunuo, sura ya 5, viumbe vilivyo baharini vinaimba pamoja na vingine vyote kumsifu Mwana-Kondoo.

Lakini bahari katika Ufunuo ni picha ya mambo mengine pia. Kwanza, ni mahali unapotoka uovu: mnyama yule mkali alipanda kutoka baharini (13:1), kama wale wanyama wanne wa Danieli (Danieli 7:3). Pili, bahari ilimtenga Yohana na ndugu zake. Yeye alikuwa kisiwani Patmo kwa ajili ya neno la Mungu, na makanisa yake saba yalikuwa ng'ambo, Asia. Tatu, bahari ilikuwa njia ya biashara mbaya. Soma sura ya 18. Wafanyabiashara na manahodha wanaulilia mji wa Babeli uliowatajirisha, na katika orodha ya bidhaa zao, baada ya dhahabu, mvinyo, ng'ombe na kondoo, mwisho kabisa wametajwa wanadamu (18:13).

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana maana ya mstari huo. Bahari yetu ilibeba watu waliofungwa minyororo, kutoka bara hadi Unguja na kwingineko. Na katika miaka yetu wenyewe imebeba misiba. Mnamo Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama kati ya Unguja na Pemba, na mamia ya watu walikufa. Wengi wao hawakuonekana tena.

Basi Yohana anaposema bahari haikuwapo tena, anatuambia kwamba yote hayo yamekoma. Hakuna tena kinachotisha kutoka vilindini. Hakuna maji yanayotenga mtu na wapendwa wake. Hakuna jahazi linalobeba binadamu kwenda kuuzwa. Maneno yaleyale anayatumia mistari michache mbele: mauti haitakuwapo tena, wala maombolezo, wala maumivu. Bahari imewekwa katika orodha moja na machozi.

Na wewe, mzee wangu uliyeuliza utafanya nini, soma Ezekieli 47. Ndiyo sura ambayo picha ya mto wa uzima katika Ufunuo 22 imetokana nayo. Ezekieli aliona maji yakitoka chini ya kizingiti cha hekalu, yakiongezeka mpaka yakawa mto usiovukika, yakashuka hadi Bahari ya Chumvi ambayo haina samaki, na bahari ile ikaponywa. Kisha aliona nini ukingoni? Mstari wa 10: aliona wavuvi, na mahali pa kutandaza nyavu, na samaki wengi sana wa kila namna. Mungu alipomwonyesha nabii wake ulimwengu uliopona, hakusahau kuwaweka wavuvi ndani yake.

5. WASIO NA KABURI

Sasa nasema nawe, mama.

Kabla ya kuonyeshwa nchi mpya, Yohana alionyeshwa jambo moja. Liko Ufunuo 20:13. Aliona bahari ikiwatoa wafu waliokuwa ndani yake. Angalia kwamba bahari imetajwa kwanza, kabla ya mauti na kuzimu. Wale ambao watu wangedhani wamepotea kabisa ndio waliotangulia kutajwa.

Wazee wetu katika Kanisa walilijua jambo hili. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, ambacho sala nyingi za Kianglikana zimetoka ndani yake, kina sehemu ya sala za mabaharia. Humo mna maneno maalumu ya kumzika mtu aliyefia chomboni, ambaye mwili wake unatelemshwa majini. Maneno hayo yanataja kwa uwazi tumaini la siku ambayo bahari itawarudisha wafu wake. Basi Kanisa limekwisha kuwaombea watu kama mwanao kwa mamia ya miaka.

Unauliza, "Atamtoa wapi?" Paulo aliulizwa swali la namna hiyo: wafu wafufuliwaje, nao huja kwa mwili gani? Akajibu kwa mfano wa mbegu (1 Wakorintho 15:35-38). Ukipanda punje ya mahindi, hutaivuna ile punje ilivyokuwa. Inaoza udongoni, ukiifukua huioni. Lakini bua linaloota ni lake, si la mpunga wala la mtama. Anayetunza habari ya mbegu ni Mungu. Hata waliozikwa katika makaburi mazuri yenye saruji miili yao imerudi mavumbini. Hakuna kaburi linalomsaidia Mungu kukumbuka. Aliyetuumba kwa mavumbi hapotezi mtu majini.

Tena Bwana mwenyewe ni malimbuko. Alipofufuka hakuwa kivuli. Aliwaonyesha mikono na miguu yake, akala kipande cha samaki mbele yao (Luka 24:39-43). Asubuhi moja aliwangojea wanafunzi wake ufukoni, amekwisha kuwasha makaa na kuweka samaki juu yake, naye akawaita waje wafungue kinywa (Yohana 21:9-12). Wanafunzi wale walikuwa wamekesha majini bila kupata kitu. Mtu wa kwanza kuwakaribisha pwani alikuwa Yesu aliyeshinda mauti. Shika picha hiyo, mama, unapomfikiri mwanao.

6. JE, TUTAJUANA? TUTAFANYA KAZI?

Wengi huuliza kama tutatambuana. Mariamu Magdalene hakumtambua Bwana mpaka alipoitwa kwa jina lake, ndipo akajua (Yohana 20:16). Tomaso alimjua kwa majeraha yake. Kwa hiyo majina hayafutwi, na hata makovu ya upendo hayafutwi. Ni kweli Bwana alisema kwamba katika ufufuo watu hawaoi wala hawaolewi (Mathayo 22:30). Wajane na wagane wengine wameumizwa na neno hilo. Lakini Bwana hakusema kwamba upendo utakoma. Paulo anasema upendo haupungui neno wakati wowote. Kinachokoma ni haja ya kuoa ili jina la marehemu lisipotee, ambalo ndilo Masadukayo walilouliza. Pasipo na kifo, hakuna jina litakalopotea.

Na kazi? Ufunuo 22:3 inasema watumwa wake watamtumikia. Isaya anaona watu wakijenga nyumba na kukaa ndani yake, wakipanda mizabibu na kula matunda yake (65:21). Anaongeza kwamba hawatajenga ili mtu mwingine akae. Wakulima walionyang'anywa shamba, na mafundi waliodhulumiwa ujira wao, wanajua ahadi hiyo ina uzito gani. Kazi itabaki, dhuluma na uchovu ndivyo vitakavyoondoka.

Hata hivyo tusijidanganye. Yohana anasema hakitaingia mjini kitu kilicho kinyonge wala mwenye kufanya uongo (21:27). Malango yako wazi, lakini mtu huingia akiwa ameoshwa na Mwana-Kondoo. Mwaliko wa maji ya uzima ni wa bure, na unatolewa leo.

7. TUISHIJE SASA?

Baada ya kueleza ufufuo kwa mistari mingi, Paulo hamalizi kwa kusema tukae tukiutazama juu. Anasema tuzidi sana kuitenda kazi ya Bwana, kwa sababu taabu yetu siyo bure (1 Wakorintho 15:58). Kama dunia hii ingekuwa ya kutupwa tu, taabu nyingi zingekuwa bure. Lakini ikiwa Mungu ataifanya upya, kila tendo la haki ni kama mbegu.

Tunao mfano karibu. Kule Unguja, Mkunazini, palikuwa na soko la watumwa. Lilifungwa mwaka 1873, na mwaka huohuo ukaanza ujenzi wa Kanisa Kuu la Kristo palepale, chini ya uongozi wa Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa askofu. Inasimuliwa kwamba altare imewekwa mahali ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare hiyo. Leo watu hupiga magoti na kupokea Ushirika Mtakatifu mahali ambapo watu waliuzwa. Jengo hilo halifuti yaliyotendeka, wala halipaswi kuyasahaulisha. Lakini linatuonyesha kwa mbali jinsi Mungu anavyofanya. Hakuhamisha ibada iwe mbali na mahali pa machozi. Aliingia palepale.

Basi tuseme wazi. Mkristo anayengojea bahari iponywe hapigi baruti kwenye miamba ya samaki, wala hakati mikoko bila kujali. Anayengojea mji usio na uongo hapunji mizani sokoni. Anayengojea Mungu afute machozi hamwambii mfiwa "usilie" ili anyamaze upesi. Paulo hakutukataza kuhuzunika. Alitaka tusihuzunike kama wasio na matumaini (1 Wathesalonike 4:13). Kaa na mfiwa. Mwache alie. Machozi yale Mungu mwenyewe atayafuta, naye hufuta machozi yaliyomwagika kweli.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI AU KATIKA VIKUNDI

1. Kabla ya kusoma somo hili, uliwazaje habari za mbinguni? Je, kuna jambo lililobadilika?
2. Katika Ufunuo 21:1-5, andika vitu vyote ambavyo havitakuwapo tena. Kipi kimekugusa zaidi, na kwa nini?
3. Je, katika mtaa wetu kuna familia zilizopotewa na watu baharini au safarini bila kuwazika? Kanisa linaweza kuwakumbuka namna gani Siku ya Marehemu Wote?
4. Taja kazi moja ya mikono yako ambayo ungependa Mungu aiingize katika nchi mpya.

TUOMBE

Ee Mungu, uliyeifanya bahari na nchi kavu, nawe hukumpoteza hata mmoja wa walio wako: uwatunze waliolala majini na waliolala udongoni mpaka siku ya kuja kwake Mwanao. Uwafariji wanaowangojea. Utufundishe kuipenda dunia uliyokusudia kuifanya upya, na kutenda haki ndani yake, tukiutazamia mji wako unaoshuka. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.